Mbuzi Aliyeposwa Kiganjo

S.L.P. 317,
Kiganjo.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Tabby,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Wewe u mzima? Watoto je? Na mama anaendeleaje na magoti yake huko Kitale? Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mlima imeshuka mapema na hapa naandika nikiwa nimejifunga blanketi kiunoni.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu, nikaanza kucheka kabla hujashika, nikakata. Afadhali kalamu.

Nilikuambia tuliingia Tuinuane, kile kikundi cha kuinua familia zisizo na kitu. Walitupa mbuzi wa maziwa, wakatufundisha kumjengea banda la juu na kuweka akiba. Sharti ni moja tu: jike wa kwanza atakayezaliwa anapewa familia inayofuata. Ukikataa kumtoa, mama yake anachukuliwa. Dada, mbuzi huyo ametutoa mbali! Maziwa yanaenda kwa Rukaya mwenye hoteli pale stendi, na tangu Krismasi sijatuma mtoto dukani kukopa unga. Hata sadaka siku hizi naitoa bila kuificha kwenye ngumi.

Basi Machi mbuzi akazaa jike. Wewe unamjua Baba Mwai, wavulana wanne na hajapata msichana wa kumpa jina la mama yake, kama desturi yetu inavyotaka. Alitoka bandani na matope hadi magotini akipiga kelele, "Wakiuru amezaliwa!" Hata watu wa boda boda waliokuwa wakipita aliwatangazia.

Nikamuuliza, "Baba Mwai, kweli umempa mbuzi wa kupeana jina la mamako?"

Sharti lilikuwa limemtoka kichwani kabisa, na jina likishaitwa halirudishwi.

Nilidhani mama mkwe atakasirika. Wapi! Cucu, kama watoto wanavyomwita bibi yao, alikuja na gauni la kanisani, akamtazama yule mtoto wa mbuzi, akasema, "Ako na miguu yangu." Tangu hapo akawa anamwita "mimi". Siku moja alilalamika, "Leo mimi naharisha," nikakimbia na maji ya chumvi na sukari, kumbe anamzungumzia yule wa bandani.

Mwezi uliopita akaja Nyawira, msichana wa mradi kutoka Kerugoya, kutuambia kwamba Jumamosi mtoto anaenda. Kwa nani? Kwa Mama Muchiri, jirani yetu, ambaye Cucu hamsalimii tangu kuku wake wamalize sukuma wiki yetu.

Cucu akachukua kiti, akakaa mlangoni mwa banda.

"Mimi siendi kwa mwanamke wa kuku!"

"Lakini Cucu, ni sheria ya kikundi," Nyawira akamwambia kwa upole.

"Sheria gani? Wewe msichana umesoma. Ungetaka upeanwe na kamba shingoni, hata chai watu hawajanywa? Huyu hatoki hapa bure. Waje waulize kama watu."

Nyawira akaniangalia. Mimi nikaangalia mlima. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto asipotoka, Jumamosi hiyo hiyo itabidi aondoke na mama yake. Tabby, niliona ile safari ya kukopa unga ikirudi. Niliomba Mungu hadi ugali ukaungua.

Kesho yake nikafunga kitambaa, nikaenda mwenyewe kwa Mama Muchiri, nikamweleza kwamba Cucu anataka mbuzi aposwe kama msichana. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akapangusa macho, akauliza, "Anataka sukari kilo ngapi?"

Jumamosi wakaja wakiimba, akina mama wote wa kikundi, na sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Mzee wa Mama Muchiri alikuwa amevaa koti na tai. Na Cucu, kama inavyofanywa kwa wasichana, akawafungia geti!

"Mmepotea?" akawauliza kupitia mwanya.

"Hapana, mama. Tumeona ua zuri hapa, tumekuja kuliulizia."

"Maua ni mengi. Mnataka gani?"

"Lile la miguu minne," Mama Muchiri akajibu.

Cucu akauma mdomo asicheke. Akashindwa. Lakini geti bado hakufungua. "Na kuku?"

"Kuku nimewajengea, mama. Nimefunga na waya."

Hapo geti likafunguka. Nyawira alipiga vigelegele kuliko sisi sote, maskini. Mtoto akaenda, mama yake akabaki, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba kumshukuru Mungu na kulia kidogo.

Sasa Cucu yuko kwa Mama Muchiri kila asubuhi kukagua kama "mimi" amekula. Anarudi saa ya chakula cha mchana, ameshiba chai na habari za watu.

Mbuzi wetu ana mimba tena. Akizaa jike safari hii, huyo ni wetu kabisa, na Baba Mwai anasema zamu ni ya upande wangu: jina la mama yetu. Nakuomba umuulize mama kwa utaratibu, akiwa ameshakula, na usianze na habari ya pembe.

Msalimie sana shemeji Kingori na watoto wote. Cucu anawasalimu, na Mwai pia. Bwana awafunike kwa mkono wake, mlalapo na muamkapo.

Tafadhali nijibu upesi, mbuzi hatungoji.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Murugi (Mama Mwai)