Missouri Niliipaka Buluu Mapema

Alhamisi, Novemba 2008. Stechford, Birmingham. Manyunyu tangu asubuhi. Goti la kulia linauma na moyo umechacha.

Leo wametangaza kura za Missouri. Dunia imeshacheza ngoma na kuchoka, Kenya walipewa na sikukuu, na jimbo moja lilikuwa bado linahesabu. Kijana wetu, mtoto wa Mkenya, ameuchukua urais wa Amerika lakini Missouri imemkataa, kwa kura chache ambazo zingetosha uwanja mdogo wa mpira.

Ingekuwa jimbo lingine nisingejali.

Shule niliiacha darasa la nne, na ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yangu Rebeka, naandika kwa kidole kimoja. Lakini kwenye ramani hakuna wa kunifundisha. Nimeendesha lori la mafuta kutoka Mombasa mpaka Kampala miaka ishirini na sita, sikupotea hata siku moja. Kwa hiyo nilinunua ramani ya Amerika nikaibandika sebuleni, ili kila jimbo likitangazwa nilipake rangi. Buluu ya kijana wetu, nyekundu ya mpinzani wake, yule mzee mwenzangu.

Missouri sikuingojea. Niliipaka buluu wiki moja kabla ya kura, kwa kalamu ya wino, kisha nikaibeba ramani kanisani nikaitandaza juu ya meza ya chai. Nikawaambia hapo anakaa mwanangu Wekesa, mwaka wa kumi na moja sasa, raia kamili, hapo pamekwisha. Wakenya wakapiga makofi. Papa Bahati, Mkongomani ambaye hukaa nami kiti kwa kiti, akasema, "Mzee, wewe unahesabu kura mbele ya wenyewe?" Nikamwambia anywe chai.

Ukweli ni kwamba Wekesa nilimuuliza mara moja tu kama atapiga kura. Alijibu, "Tutaona, Baba." Mimi nikasikia ndiyo.

Jumapili iliyopita, hesabu ikiwa bado inasuasua, Papa Bahati alinisimamisha mlangoni mbele ya watu. "Mzee Missouri, mtoto yako alilala siku ya kura?" Wakacheka mpaka mama mchungaji. Nilirudi nyumbani bila kumaliza chai yangu, na mimi chai siachi.

Leo baada ya kusikia matokeo nilikwangua kadi ya simu nikampigia. Hapa saa tisa alasiri, kwake asubuhi. Sikumsalimu. Nilimwambia, mmeniaibisha, kura chache namna hii, yako ilikuwa wapi?

Nikasikia akifunga mlango kwanza.

"Baba, mimi sina kura."

Nikamuuliza maana yake nini, raia mzima.

"Sikusema mimi ni raia. Ulisema wewe. Sina makaratasi ya kukaa huku, Baba. Yaliisha nilipoacha chuo. Nikitoka huku sirudi, na wanangu wako huku."

Nikakata simu.

Halafu nikakaa, na hesabu nyingine ikaanza kichwani. Mama yake alipofariki, miaka mitano iliyopita, tulimzika hapa hapa Birmingham. Wekesa hakuja. Alisema kiwandani wamemnyima ruhusa. Nilisimama kando ya kaburi, koti limelowa, nikatangaza mbele ya waombolezaji kwamba mtoto anayechagua kiwanda kuliko mama yake nimemfuta. Nilisema kwa sauti, maana mimi sauti ninayo. Mtu akampelekea maneno hayo. Hakujibu hata moja. Mwaka ulipopita nilianza tena kujigamba naye kanisani, kwa sababu mzee bila mtoto Amerika atasema nini kwenye meza ile?

Kumbe alikuwa anamlilia mama yake peke yake huko, na matusi yangu juu.

Nina hasira naye. Nasema wazi. Angeniambia. Miaka yote hiyo, mimi babake, nasikia ukweli kwa sababu ya kura za watu wengine. Rebeka nilipomwambia aliendelea kukunja sare zake za hospitali, akasema, "Baba, nani angekuambia? Wewe huambiwi, wewe unatangaza." Alikuwa anajua. Nimemkasirikia na yeye.

Jioni nimeishusha ramani nikaipaka Missouri nyekundu juu ya buluu. Imetoka rangi ya maini. Wekesa aliwahi kuniambia jimbo lao halikosei, karibu kila mara humchagua anayeshinda. Safari hii limekosea. Hata mimi.

Kanisani hawaujui ukurasa huu, na jina la mwanangu hapa nimelibadilisha. Wala hawatajua kwa kinywa changu. Neno moja likidondoka kwenye meza ile litavuka bahari kabla ya sahani kuoshwa, na nani ajuaye litamfikia afisa gani wa uhamiaji.

Jumapili Papa Bahati ataniuliza tena, na wote watageuka kunitazama. Ningeweza kusema alipiga, wenzake ndio walituangusha. Wangeniamini. Lakini wangeendelea kuuliza, raia huyo anakuja lini, mbona hata mazishini hakuja, na mimi nikianza kujibu sijui kusimama.

Kwa hiyo nitanywa chai yangu mpaka mwisho, na akiniuliza nitamwambia ndiyo, Papa Bahati, alilala.

Wacheke.