Kazi Mbili, Kodi Moja

Ganjoni, Mombasa
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, goti limepoa, na mto haujapanda tena mashambani. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Kaka Komora akusomee polepole, asiruke maneno. Ningepiga simu, lakini ningelia kabla ya kusema, nawe ungedhani nimefukuzwa kazi.

Sijafukuzwa, Mama. Zote mbili ninazo. Alfajiri nafagia madarasa ya shule hapa Ganjoni, saa tatu niko Biashara Street nauza kanga. Na huko kuwa na kazi mbili ndiko kulikoniponza.

Wajua kila mwaka, kabla ya Juni kwisha, lazima mtu apeleke hesabu yake ya kodi. Mwaka huu sikutaka kumlipa mtu anijazie. Bi Zulekha, mama wa Mji wa Kale anayeshika hesabu za duka letu, alikuwa amenifundisha jedwali la kompyuta. Unaandika alama ya sawa, unataja visanduku, na kompyuta inajumlisha yenyewe. Mimi niliyeachia kidato cha pili! Nikaweka mshahara wa duka, elfu kumi na saba kwa mwezi. Fomula ikakata asilimia kumi, ikaondoa ile nafuu ya elfu mbili mia nne anayopewa kila mfanyakazi, kodi ikatoka sufuri. Chini yake nikaweka wa shule, elfu kumi na mbili. Sufuri tena. Nikajumlisha sufuri na sufuri, nikacheka peke yangu.

Bi Zulekha akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

"Hebu nambie, hapa pana watu wangapi?"

"Ni mimi tu, Bi Zulekha."

"Mbona nafuu umejipa mara mbili? Mteja akinunua kanga mlango wa mbele, akazunguka akaingia wa nyuma, utampunguzia bei tena?"

"Lakini mwaka mzima hakuna mwajiri aliyenikata kodi!"

"Kila mmoja akijidhania yuko peke yake, kama wake wa baharia. Jumlisha mishahara kwanza, mwanangu, ndipo ukate."

Nikaandika =B2+B3. Elfu ishirini na tisa. Elfu ishirini na nne za kwanza zinakatwa asilimia kumi, zile tano zilizobaki asilimia ishirini na tano, na nafuu inaondolewa mara moja tu. Ikatoka elfu moja mia mbili na hamsini kila mwezi. Nikazidisha kwa kumi na mbili: elfu kumi na tano.

Mama, hizo ndizo nilizoweka za amana ya chumba, ili nije nimchukue mwanangu Mariamu mwezi wa nane.

Nilikikodolea macho kile kisanduku, labda kitabadilika. Mwenzangu mmoja dukani akaninong'oneza, "Andika kazi moja tu, nani atajua?" Bi Zulekha akamsikia. "Watajua watu wa kodi waliopelekewa jina lake na shule." Basi. Nami hofu ya kuitwa ofisini ingenila mwaka mzima. Nililipa Ijumaa, nikarudi kwa miguu.

Nimeandika jedwali jingine. Nikiweka elfu mbili mia tano kila mwezi kuanzia Julai, amana itatimia Desemba. Kodi ya mwakani nayo nimeanza kuitenga kidogo kidogo. Kwa hiyo nitakachokutumia kitapungua, unisamehe. Hesabu hii nimeirudia mara tatu na Bi Zulekha ameipitia. Januari shule zikifunguliwa, nitakuja. Naamini hivyo, Mama.

Nisalimie shangazi Hawaye aliyenikopesha nauli ya kwanza, na mke wa mchungaji anayekutekea maji. Kaka Komora naye ahsante kwa kusoma, na asicheke.

Na Mariamu. Uliniambia ameshafunga nguo zake kwenye mfuko na analala nao. Usimwambie "kesho", wala usimwambie nimekosa gari. Mwambie, "Mama yako alihesabu vibaya." Akikataa kuzungumza nami Jumamosi, usimkaripie. Mwekee tu simu sikioni. Yeye anyamaze, mimi nitazungumza.

Mwanao asiyekusahau hata siku moja,
Rehema