Shimo la Msandali

Kisaju,
Septemba 2017

Kwa mjukuu wangu Kimanzi, mume wangu mdogo,

Pokea salamu nyingi za susu yako. Uko mzima? Unakula? Mimi niko, ni magoti tu yanalalamika, na ng'ombe mbili zimekufa na kiangazi. Ningekuandikia Kikamba, lakini Kitengela ilikumeza ulimi, kwa hivyo soma Kiswahili changu cha darasa la tatu na usicheke.

Hapa kwetu kuna woga. Wanaume wanakuja na lori, wanang'oa misandali na mizizi yote, halafu wanafunika na magunia ya makaa. Wanachagua majike tu, eti ndiyo yako na mafuta mengi ya manukato. Mjinga gani anachinja mitamba yote halafu anangoja ndama? Jirani yangu Namunyak, ambaye huwachemshia wajukuu wake gome la huo mti, aliwafuata akawatukana. Tajiri wao akamwambia mashimo ni mengi, na mwanamke mwenye mdomo anaweza kutosha kwa moja. Kesho yake mbwa wa Namunyak hakubweka. Tulimpata huyo mbwa ndani ya shimo, povu mdomoni. Tangu hapo jua likishuka tunafunga milango, na hata kukohoa tunakohoa ndani ya shuka.

Chifu akaita baraza. Afisa wa misitu alisema serikali imekataza kukata huo mti, na tena nchi nyingi za dunia zimetia sahihi mkataba wa kulinda miti na wanyama wasiishe, kwa hivyo ukivushwa mpaka pale Namanga ni wizi huku na ng'ambo pia. Nikamuuliza hao wa ng'ambo wamejuaje kichaka cha nyuma ya choo changu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema huo mkataba hauna macho hapa Kisaju isipokuwa yetu.

Sasa sikia. Dereva wa hiyo lori huvuta kofia mpaka puani. Lakini aliposhuka kukojoa, mguu wa kushoto aliutupa kando kama marehemu babu yako. Nilizaa watoto saba na huo mwendo; kofia itanidanganya? Ni wewe, Kimanzi.

Nilikaa na hayo. Halafu nikaenda kwa afisa. Ni mimi nilimpa namba ya lori na siku mnayopita. Akauliza dereva ni nani, nikasema macho yangu ni mabovu. Hiyo uongo nimekupa wewe, na sitakupa ingine. Ijumaa askari wa misitu watawangoja nyinyi barabarani, pale Bisil.

Virginia, msichana wa Namunyak, anakuletea hii mkononi. Shuka kwa hiyo lori, mpumbavu wewe, uje nyumbani. Na ukiona afadhali umwambie tajiri wako ni nani alisema, mwambie pia shimo nimejichagulia: lile la karibu na zizi, udongo wake ni laini.

Msalimie mama yako, na kanisani muende. Ijumaa nitakuwa mlangoni naangalia barabara. Sitaangalia uso. Nitaangalia mguu.

Ni mimi mke wako mzee,
Susu Mbeke