Usingizi wa Baba

Kwihara

Tausi mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anavuna karanga.

Umeuliza kwa nini sikuwahi kukukemea uliposinzia juu ya madaftari.

Enzi za Mwingereza serikali ilituhamisha kutoka porini kwa sababu ya mbung'o. Baba akawa anarudi huko kwa siri, kwenye mizinga yake ya nyuki. Alituletea asali, tukafurahi. Miezi ikapita, akaanza kusinzia jembe mkononi, hata tonge likiwa mdomoni. Tukamwita mvivu. Siku moja mama akammwagia maji ili aamke, tukacheka. Baba alitutazama tu, akalala tena.

Daktari alipokuja alisema ni malale, kaumwa na mbung'o, na tumechelewa.

Maji yale niliyachota mimi, Tausi, kwenye mtungi uliokuwa wa baridi kuliko yote.

Bibi yako