Nilikuita Mwizi

Issa, mtani wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Vidole viwili vya kulia walivivunja siku ile ile waliyokuua.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu. Polisi waliniuliza, padri akaniuliza, mkeo Mwanahawa akaniuliza huku amening'ang'ania shati. Nani aliita mwizi? Wote niliwajibu sijui. Mshenzi mimi.

Unajua mwenyewe tulivyoishi. Miaka ishirini, tangu tukiwa matingo wa lori moja, wewe Myao na mimi Mngoni, makabila yenye utani tangu mababu, hatukuwahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja. Tulipokwama kwenye tope pale Lusewa, ulimwambia mama wa chai kwamba mimi ni mateka wa babu yako, nimetoroka, asinipe kikombe mpaka wewe uruhusu. Mama yule alijua utani, akaninyima kweli mpaka nikapiga magoti. Na mimi kila uliposhuka na mzigo niliita, "Mwizi huyo, mshikeni Myao." Ulikimbia hatua chache, stendi nzima ikacheka, kisha tukaenda kula. Hata serikali iliporuhusu biashara huria, tukaacha utingo na kuanza kufuata mitumba Makambako, mchezo huo hatukuuacha.

Songea ndiyo iliyobadilika na sisi hatukuangalia. Stendi ilijaa vijana waliofuata biashara kutoka kila upande, wasiojua mtani ni nani, waliokwisha kuibiwa na wenye hasira zao. Ijumaa ile mchana ulishuka na furushi begani. Mimi nilikuwa bado juu ya turubai. Nikaita.

Ulikimbia, Issa. Ulikimbia unacheka. Ulipoona wanakufuata ulicheka zaidi, ukaongeza mbio, ukidhani nao wanacheza. Jiwe la kwanza lilikupata kisogoni, nililisikia nikiwa juu ya lori. Niliruka chini nikilia kwamba ni mtani wangu, ni ndugu yangu, lakini neno hilo halikuwa na maana kwao. Mmoja alikuwa na nondo. Nilimng'ata sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni mwangu. Nondo ikashuka kwenye vidole vyangu, kisha ikashuka usoni kwako, tena, na tena. Sketi zetu za mitumba zilitawanyika na watu wakawa wanaziokota, wewe unakata roho. Ulinitazama kwa jicho lililobaki. Nalaani kila aliyekuwepo pale, nikianza na mimi.

Tulikuzika kwenu Namasakata, Tunduru. Wazee walingoja nifanye kazi ya mtani: nishuke kaburini, nilale humo, nikatae usifukiwe, niwatukane wafiwa mpaka wacheke. Nilisimama pembeni, mdomo umefungwa. Wakasema uchungu umemzidi Mngoni wa watu. Mdogo wako Hamisi akanishika bega, akanionyesha panga alilolinoa.

"Kaka Deo, nikimjua aliyeita, namkata shingo hapo hapo."

Kisha akanikumbatia. Kumbatio lile lilinichoma kuliko ngumi zote za stendi.

Arobaini yako imepita. Mwanahawa anauza maandazi huko kwenu, na jina langu analitaja kwa heshima, eti nilivunjwa mkono nikikutetea. Siwezi kulisikiliza. Na yule wa nondo yupo, Issa. Sikio lake nusu, anauza kandambili pale pale stendi kama vile hakuua mtu. Jumanne nilimfuata na kisu kiunoni. Nilipomkaribia nikaona kumbe kisu sikihitaji. Kulikuwa na watu tele, mawe yapo, na mimi ninajua neno la kuita. Nilifungua mdomo kabisa. Yeye akanitambua, akaziacha kandambili zake, akaanza kurudi nyuma.

Nilifunga mdomo nikarudi nyumbani. Si kwamba nimemsamehe, huyo simsamehe mpaka kiama. Ila nilijua kwamba mimi na yeye tulikuua pamoja, yeye kwa chuma na mimi kwa mdomo, na kwamba kila mtu pale stendi anamjua yeye, mimi, kwa kelele za siku ile, hakuna anijuaye.

Najua ungesema niache, utani hauna kesi. Wazee husema hivyo na ni kweli. Lakini mtani asiyeweza kumtukana marehemu wake mbele ya watu ana kesi, na kesi yangu iko kwenu.

Pumzika, Myao wewe, mtoto wa mateka. Mungu akupe kivuli na maji baridi, na kama kuna barabara huko, isiwe na tope. Kesho asubuhi napanda lori la Tunduru. Nitamwamkia mama yako, shikamoo, nitakataa chai yake, halafu nitawaita Mwanahawa na Hamisi waketi, niwaambie ni nani aliita. Mdogo wako na alilete lile panga. Sitakimbia.

Mngoni wako,
Deo