Saa Nane na Saa Munane

Jumapili, 14 Septemba 2025

Naomba radhi, daftari langu. Tangu Aprili sijakuandikia neno. Sikuwa mgonjwa, wala sikusafiri. Kamati ya ujenzi ilinichosha tu. Mtu akikaa mchana kutwa kusikiliza watu wazima wakibishana kuhusu rangi ya lango, akirudi nyumbani hana hamu ya kushika kalamu.

Basi nianze upya, kwa mpangilio. Shule yetu hapa Katuba, Lubumbashi, inahitaji madarasa sita mapya. Kiwanja kipo. Matofali yapo. Mimi ni mjumbe wa kamati kwa sababu nilikuwa inspekta wa shule za msingi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa sababu hakuna mwingine anayesoma barua hadi mwisho. Mchoro ni wa Exaucée, binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea mimi. Ni architecte, mchora ramani za majengo. Patron wake, bosi wa ofisi yao mjini, amemwachia kazi hii peke yake, kwa mara ya kwanza. Akifaulu, atapewa nyingine.

Mwenyekiti ni Papa Aimé Musonda, muuza vioo na mabati kule mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini. Si mtu mbaya. Ameahidi kutoa vioo vyote bure. Hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Jumanne, 16 Septemba

Exaucée amekuja na kompyuta yake. Umeme ulikuwepo — ajabu! Amenionyesha madarasa sita kwenye kioo chake. Hayana rangi wala watoto, lakini jua linapita juu yake kama kweli. Kompyuta imepewa hali ya hewa ya Lubumbashi ya mwaka mzima: baridi ya Juni, joto la Oktoba, mvua. Imepewa unene wa kuta, aina ya dari, idadi ya watoto (kila mtoto ana joto lake, sikuwa nimelifikiria hilo), na saa ambazo wanakaa ndani. Kisha inahesabu joto la kila darasa kwa kila saa ya mwaka. Jengo hilo la hesabu, modèle, linajaribiwa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Nimeipenda akili hiyo. Ni kama kusahihisha insha kabla haijaandikwa.

— Modèle iko sawa muntu, Mama mukubwa, alisema. Unamulisha uongo, anasema uongo.

"Muntu" tena. Nimemlea kwa "mtu".

Hizo saa na desturi za shule tulizikusanya mwezi wa Aprili. Yeye aliandika maswali kwa Kifaransa. Walimu wote waliomba Kiswahili. Nikayatafsiri mimi, kwa Kiswahili sanifu, bila "iko" hata moja. Majibu yao nikayasahihisha na kuyarudisha kwa Kifaransa. Karatasi kumi na nne. Wino mwekundu uliniishia.

Alhamisi, 25 Septemba

Kikao leo. Hasira bado ninayo.

Mchoro anaoutaka Papa Aimé ni jengo refu sambamba na barabara, uso wote wa vioo, upande wa magharibi. Mchoro wa Exaucée ni jengo lile lile lakini limegeuzwa: pande ndefu zinatazama kaskazini na kusini, paa linatokeza mita moja na nusu, madirisha yanafunguka. Upande wa barabara ni ukuta mtupu. Exaucée akasoma matokeo ya kompyuta. Katika kila saa mia za masomo, darasa la vioo linapita digrii thelathini kwa saa arobaini na sita. Darasa lililogeuzwa, kumi na mbili.

Nilidhani watanyamaza. Watu wa wapi!

— Kwa hiyo muntu anapita ku barabara, anaona nini? alisema Papa Aimé. Mugongo ya shule! Ku Golf, kwa batajiri, nyumba zinang'aa. Siye ba Katuba tuonyeshe bantu mugongo?

Makofi. Hata mimi, nikiwa mkweli, nilielewa makofi hayo. Watoto wetu nao wanastahili kitu kizuri.

Exaucée akauliza joto litaondolewa na nini. Papa Aimé akasema: climatiseur, mashine ya kupoza hewa. Exaucée akauliza umeme utatoka wapi. Kicheko cha chumba kizima! Papa Aimé mwenyewe alicheka. Kisha akainama juu ya kompyuta na kuiuliza, kwa heshima kubwa:

— Mama ordinateur, weye unaishi ku Katuba? Unajua jua ya huku?

Wakacheka zaidi. Exaucée alikaza midomo.

Aliyetuokoa ni Princesse, mwalimu wa darasa la kwanza, watoto sitini na wawili. Akasema polepole: quarante-six, arobaini na sita, iko mingi. Akasema watoto wake husinzia Oktoba yote. Basi wakaahirisha. Kura ni Jumamosi, tarehe 4 Oktoba. Namba hiyo moja ndiyo iliyozuia vioo. Ndiyo ngao yetu.

Ijumaa, 26 Septemba

Joto. Nimeisoma ripoti ya Exaucée mara mbili. Lugha yake ni mbovu, hesabu inaonekana njema. Jambo moja tu: saa mbaya kuliko zote imeandikwa 16 h. Watoto wa darasa la kwanza, saa kumi za jioni, wangali darasani? Nitamwuliza Directeur Ngosa, mkuu wa shule.

Jumatatu, 29 Septemba

Afadhali nisingeuliza.

Nilimkuta Directeur Ngosa uani, anahesabu madawati mabovu. Nikamwuliza kwa nini watoto wake wanasoma hadi saa kumi na mbili za jioni.

— Jioni? Mama Inspectrice, saa ile batoto beko kwabo, banakula.

Nikamwambia walimu wake waliandika hivyo wenyewe. Akafungua kabati, akatoa nakala zake. Akanisomea ya Princesse: "Batoto banaingia saa munane, banatoka saa kumi na mbili." Akatazama saa yake ya mkononi, akanionyesha kwa kidole: huit heures, douze heures. Yaani saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana!

Nilikaa juu ya dawati bovu.

Miaka arobaini nimefundisha kwamba saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, jua likishachomoza. Saa mbili ni huit heures. Saa nane ni quatorze heures. Najua vizuri kwamba mjini watu wanahesabu kwa kufuata saa ya ukutani, na munane yao ni ya asubuhi. Nasikia kila siku sokoni! Lakini karatasi ni karatasi. Nilidhani mtu akishika kalamu anafuata kanuni. Nikafuta "munane", nikaandika "nane". Kisha, kwa Kifaransa: 14 h. "Kumi na mbili" ikawa 18 h. Shule nyingi za hapa zina zamu ya mchana, kwa hiyo sikushtuka. Karatasi zote kumi na nne. Nilizisahihisha zikiwa sahihi.

Kompyuta ikawaweka watoto darasani mchana wote, jua la magharibi likiwapiga kupitia vioo. Ngao yetu ilitengenezwa na kosa langu.

Jumanne, 30 Septemba

Nimemwambia Exaucée. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

— Lakini Mama mukubwa, weye unazaliwa hapa!

Ndiyo. Nilizaliwa hapa.

Ameondoka na kompyuta yake bila kunywa chai. Atahesabu upya kwa saa za kweli.

Alhamisi, 2 Oktoba

Matokeo mapya. Watoto wakikaa kuanzia huit heures hadi midi, saa sita mchana, darasa la vioo linapita digrii thelathini kwa saa kumi na nne katika kila mia. Lililogeuzwa, saa tisa. Kumi na nne na tisa! Asubuhi jua liko mashariki. Vioo vya Papa Aimé vinapigwa jua wakati watoto wameshaondoka. Kwa tofauti hiyo hakuna atakayekubali shule igeuzie barabara mgongo.

Hata hivyo kuna jambo. Directeur Ngosa ana orodha ya watoto zaidi ya mia mbili waliokosa nafasi mwaka huu. Anataka kuanzisha zamu ya mchana, vacation kama wanavyoiita, katika madarasa mapya, quatorze heures hadi dix-huit heures. Ni zile zile saa za makosa yangu! Lakini kamati haijakubali. Papa Aimé na wengine wanasema madarasa mapya ni ya watoto waliopo, wasije wakachakazwa na zamu mbili.

Exaucée aliligundua hilo kabla yangu. Akasogeza kiti.

— Mama mukubwa, nani atajua? Tuseme tu tulipiga hesabu ya vacation ya mchana. Haiko uongo sana.

— "Sana"! Uongo unapimwa kwa kilo?

— Namba iko ile ile. Quarante-six. Hatubadilishe kitu.

— Namba ni ile ile, watoto si wale wale.

Akasimama. Kisha yakamtoka. Kwamba kosa ni langu na aibu itakuwa yake. Kwamba patron akisikia modèle ililishwa saa za uongo, atamrudisha kuchora vyoo vya watu. Kwamba Papa Aimé atasema ordinateur ni mambo ya ovyo, na hakuna shule nyingine Katuba itakayojaribiwa kwa hesabu kabla ya kujengwa. Kwamba vioo vikishawekwa, siku zamu ya mchana itakapoanza — na itaanza, kila mtu anajua — watoto mia mbili wataungua, na mimi nitakuwa nimelinda nini? Kanuni?

Nilimwambia tu kwamba Jumamosi nitasema mwenyewe, na kosa litakuwa na jina langu. Akaniambia, akiwa ameshika kitasa cha mlango, kwamba kila mara mimi hutaka haki iwe upande wangu, hata nikikosea.

Sentensi ilikuwa sahihi. Sikuweza kuigusa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika uani kwa shule, juu ya rundo la matofali, daftari likiwa magotini. Kikao kinaendelea ndani. Tumetolewa nje, mimi na Exaucée.

Nilisema kila kitu. Nilisimama, nikaeleza munane na nane, nikaonyesha karatasi zenye wino wangu mwekundu. Kwanza hawakuelewa. Kisha Chance, katibu wetu, akaelewa, akajificha nyuma ya daftari lake la kumbukumbu acheke. Kisha wote. Kilichoniumiza hakikuwa kicheko. Ni walimu wawili niliowahi kuwanyima alama kwa "munane". Hao hawakucheka.

Papa Aimé alipangusa machozi.

— Kumbe jua haiko na kosa! Grammaire njo ilipika batoto!

Nilimwacha amalize. Kisha nikamwomba Exaucée asome namba zote, za asubuhi na za mchana, kila moja na jina lake. Nilidhani atakataa. Akasoma. Sauti ilitetemeka kwenye kumi na nne na tisa. Kwenye arobaini na sita haikutetemeka. Akasema: hizi ni za watoto wa mchana, ambao bado hawapo; mkiwakubali, hili ndilo joto lao; msipowakubali, vioo havina kosa kubwa. Basi. Akakaa. Sijawahi kusikia akisema Kiswahili kizuri hivyo — na kulikuwa na "beko" mbili ndani yake.

Papa Aimé hakufanya mzaha. Aliomba aone tena ukurasa wa Oktoba. Akauliza: digrii trente-sept, yaani thelathini na saba, ndani, na batoto sitini? Exaucée akasema ndiyo. Akauliza kama vioo vinaweza kuwekwa upande mwingine, hapohapo kwenye jengo lililogeuzwa. Exaucée akasema vichache, upande wa kusini, chini ya paa linalotokeza. Papa Aimé akakuna kidevu. Kisha akasema kwamba waliokosea hesabu watoke nje, kamati izungumze. Alisema hivyo bila ukali, kwamba tutoke kidogo tu. "Mutoke kiloko, Mama."

Tumekaa hapa tangu midi. Jua limehamia upande wa barabara. Exaucée yuko kwenye matofali mengine, si haya. Ameandika ujumbe kwa patron wake, akaufuta, akaandika tena. Nadhani anamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Sijamwuliza.

Sauti zinapanda. Namsikia Directeur Ngosa akisema mia mbili, mia mbili. Namsikia Princesse akiuliza nani atafundisha hao wa mchana, yeye hana miili miwili. Sauti ya Papa Aimé siisikii kabisa, na hilo linanitia wasiwasi kuliko kelele.

Sasa hivi Chance ametoka, kalamu sikioni, daftari la kumbukumbu mkononi.

— Mama Inspectrice, samahani. Bale ba mchana, saa yabo ya kuingia tunaiandika namna gani? Munane ao nane?

Nikamwambia aandike kwa tarakimu: 14 h.

— Kwa hiyo mumekubali? aliuliza Exaucée, na alikuwa ameshasimama.

Chance akasema hajaambiwa kukubali, ameambiwa kuandika. Akarudi ndani. Mlango umefungwa.

Swali si jibu. Hata jambo linalokataliwa huandikwa na saa yake. Exaucée amekuja kukaa kwenye matofali yangu. Kwa kubahatisha nimeshakosea vya kutosha. Sitaongeza mstari hapa hadi nitakapolisikia neno lao kwa masikio yangu. Nikilisikia, nitaliandika lilivyo, nani alilisema na kwa maneno gani, bila kusahihisha.