Koti Langu Juu ya Shemeji

Alhamisi. Ukungu tu tangu asubuhi, Mlima Meru haujaonyesha hata kichwa. Tumemzika shemeji Anaeli, mume wa dada yangu. Daftari hili limezoea upuuzi wangu, leo livumilie.

Tangu wiki iliyopita alikuwa anapiga dawa ya kuua magugu kwenye ngano ya mzungu, kule chini ya Moshono. Pampu mgongoni inavuja, shati limemgandia. Jumatatu alipita kwangu akiwa na manjano mikononi, kwenye kucha, hata kwenye masharubu. Nami shemeji simwachi hivi hivi.

"Shemeji, umelala kwenye gunia la bizari la Mhindi?"

"Cheka tu. Nyapara anasema inaua majani, mtu haimgusi. Tena najisikia kijana, nikikushika leo nakubeba."

Akanywa kibuyu kizima cha maji, akaomba kingine.

Jana mchana dada akaniita. Nilimkuta shemeji amelowa jasho kama katoka mtoni, mwili moto, anahema mbiombio. Mimi wa madarasa mawili nikajifanya daktari. Homa hiyo, nikasema, itoke kwa jasho. Ndivyo tunavyofanya huku kwenye baridi. Nikamfunika mablanketi matatu, koti langu juu, nikachochea moto.

Akawa anayasukuma.

"Shemeji, naungua."

"Acha ubishi wa kizee. Homa ndiyo inatoka."

Nikakalia pindo la blanketi asiweze kulitoa. Nilikuwa nacheka.

Jioni haikumkuta.

Dresa wa zahanati alifika tumeshamfumba macho. Akatazama zile kucha, akauliza nani kamfunika. Dawa ile, akasema, huuchoma mwili kutoka ndani. Mtu huvuliwa nguo, huoshwa, hupepewa, huwahishwa hospitali. Alisema polepole, nikasikia mimi peke yangu.

Tulimwosha kwa sabuni mara tatu. Manjano hayakutoka.

Leo, tumetoka kaburini, dada akawaambia wanawake wa kanisani: "Kaka yangu hakumwacha. Alimfunika mpaka na koti lake mwenyewe."

Wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. Shikamoo, mzee. Marahaba. Shikamoo, mzee. Marahaba.

Nimeitikia zote.

Koti liko hapa kwenye msumari, bitana yake imegeuka manjano. Kesho kabla ya uji nitakwenda nalo kwa dada, nimwambie nilivyokaa juu ya lile blanketi.